Soko la Kadi Uani Kwetu Katuba

Mimi nilimjua samaki kabla sijajua kuandika jina langu. Nimezaliwa Kasenga, kando ya Luapula, ng'ambo ni Zambia, na tangu nilipoolewa mpaka magoti yangu yalipokataa nilikuwa napanda malori ya samaki kuja kuuza Lubumbashi. Nimeuza wabichi, nimeuza wakavu, nimesomesha watoto watano kwa samaki. Ninayasema haya mapema msije mkanishangaa mbele. Basi siku binti yangu wa mwisho aliponiwekea mkononi kadi yenye picha ya samaki wa rangi ya chungwa, ana kope ndefu na anacheka, nilimwuliza swali ambalo muuzaji yeyote angeuliza.

"Huyu banamuvua wapi?"

"Mama! Haiko ya kuvua. Iko poisson tu."

Poisson tu! Jamani, hakuna samaki anayeitwa samaki tu. Kuna yule tunayemwita pale, mpana kama sahani. Kuna makobo, mdomo mkubwa, mlafi. Kuna mpumbu, ambaye watoto wa siku hizi wanamsikia kwenye masimulizi tu. Huyu wa kadi alikuwa na tumbo la pale na mdomo wa makobo, na gamba hata moja hana. Nikamrudishia. Nikamwambia samaki wa namna hiyo angenirudisha nyumbani jioni na kapu limejaa.

Ninaandika Kiswahili cha katekisimu, kile masista walichotufundisha nilipofika darasa la nne, ila mdomo wangu unasema kile cha Lubumbashi, na wenye kunijua watausikia humu. Kifaransa sikuwa nacho. Nilijua bonjour, merci, na matusi mawili ya madereva wa malori.

Wakati ule nilikuwa nimehamia mtaa wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kwa huyo binti yangu. Yeye ni muuguzi, mumewe ni fundi wa umeme, na wote wawili walikuwa wanatoka asubuhi mtoto bado ana tongotongo. Mtoto mwenyewe msichana, miaka minne, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye. Ananiita Nkambo, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, na tunataniana kama desturi yetu inavyoruhusu. Mimi namwita mukazi mwenzangu, kwa kuwa eti sote wawili tumeolewa na marehemu babu yake. Yeye ananijibu kwamba mimi nimezeeka, mume amebaki wake peke yake. Ana mdomo huyo! Sijui aliutoa wapi.

Mwezi wa saba kulikuwa na mtihani. Ndiyo, mtihani wa mtoto wa miaka minne. Kuna shule ya masista kule mjini, katikati ya ofisi na benki, na nafasi za watoto wadogo ni chache. Anayetaka kuingia anaketishwa mbele ya mkuu wa shule, directrice wanavyomwita, anaonyeshwa kadi za picha, naye anazitaja. Akifaulu, jina lake linabandikwa ukutani. Asipofaulu, arudi kwao.

Mkwe wangu aliitaka shule ile kwa moyo wake wote, na nilijua sababu, maana binti yangu alikuwa amenieleza. Mkwe wangu ni mtoto wa mfanyakazi wa reli. Akiwa mdogo baba yake alimpeleka pale pale, akaketishwa, akaulizwa, akainamisha kichwa. Hakutoa hata neno moja. Baba yake alimrudisha nyumbani kwa miguu na hakumsemesha njia nzima. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na pikipiki yake, lakini jambo lile halijamtoka rohoni. Ndiyo maana alikwenda kwenye duka la fotokopi, akachapisha picha arobaini, akazivisha plastiki moja moja, kila picha na jina lake la Kifaransa chini. Alitaka binti yake apite kwenye mlango uliomkataa yeye.

Sasa hapa kuna jambo. Mimi na mkwe wangu tulikuwa hatusemezani. Si ugomvi, hata kidogo! Ni heshima. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono. Akipita sebuleni, mimi nageukia ukuta. Bukwe, ndivyo tunavyoiita. Vijana wa mjini wanaicheka, lakini yeye hakuicheka, na kwa hilo nilimpenda tangu siku ya posa. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mkewe au kwa mtoto. "Wambie ba Mama, maji imefika." Na mimi nimesimama hapo hapo, maji nayaona. Ile "ba" ya heshima, kana kwamba mimi ni kundi la watu! Kwa hiyo kadi zilinifikia kwa mkono wa binti yangu, na agizo lake lilikuwa fupi: umuonyeshe, yeye ataje. Maswali nilikuwa nayo tele. Wa kumwuliza sikuwa naye.

Jioni mkwe wangu alikuwa anamfundisha mwenyewe, nami natazama kupitia pazia la jikoni. Anamweka mtoto kwenye kiti cha plastiki, anainua kadi. "C'est quoi?" Yaani, hiki ni nini? Mtoto anaangalia vidole vya miguu yake. "C'est quoi?" Kimya. Kadi ya tano midomo inaanza kutetemeka, ya saba analia, na baba yake anabaki na kadi mkononi, uso umemsinyaa. Nilijua anamwona nani pale kwenye kiti. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Mtoto huyu huyu mchana anaongea mpaka masikio yangu yanaomba ruhusa! Nikawaza, nikikoroga bukari, yaani ugali: ni nani anayependa kuulizwa kitu ambacho muulizaji anakijua? Mtu akija kwenye meza yangu, akamnyooshea samaki kidole na kuniuliza hiki ni nini, nitamwambia ni kiatu.

Kesho yake, walipokwisha kutoka, nilitandika kitenge changu uani penye jua, kwa sababu baridi ya mwezi wa sita huku kwetu si ya mchezo. Nikapanga kadi kwa mafungu kama nilivyokuwa napanga samaki: vya kula huku, vya kuvaa huku, vyenye miguu kule. Nikakaa kwenye kigoda changu. Nikaita kwa sauti ile niliyoiacha sokoni: "Vitu ya leo! Vitu ya leo! Mama, kuja uone!"

Mtoto akatoka na kipande cha mkate mdomoni. Akasimama, akatazama. Halafu akarudi ndani mbio. Nikadhani nimemtisha, kumbe amekwenda kuchukua mkoba wa mama yake. Akaja anatembea kwa maringo, mkoba unaburuta vumbi.

"Bonjour mama," akasema. "Leo uko na nini?"

Ndivyo soko letu lilivyofunguliwa.

Bei haikuwa pesa, bei ilikuwa maneno. Anayetaka kitu akitaje kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kisha tuulizane yale ambayo kila mnunuzi mwenye akili anauliza: kinatoka wapi, ni cha kazi gani, na utajuaje kama ni kizima. Kiatu, unakunja soli. Ufunguo, unaangalia meno. Kuku, unampapasa kifua na kumtazama macho. Mwavuli, unahesabu vijiti vyake, na ndipo alipojifunza kuhesabu mpaka nane bila mtu kumwambia leo tunahesabu. Siku moja yeye mnunuzi, siku nyingine yeye muuzaji, na akiwa muuzaji hana huruma. Aliwahi kuninyima sufuria kwa sababu sikusema inatengenezwa na nani.

Samaki tulimfanyia kazi wiki nzima. Unambonyeza tumbo kwa kidole gumba: nyama ikirudi, ni wa leo, ikibaki shimo, huyo amelala, ni wa jana. Unafungua mashavu uone wekundu. Unanusa. Alikuwa anaibonyeza kadi, anaipeleka puani, anakunja uso: "Nkambo, hii ililala!" Nami naapa kwa mbingu na nchi kwamba imetoka Kasenga alfajiri ile. Tulikuwa tunagombana mpaka jirani anachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nimewakunja wengi, nawaambieni: mbichi naye anataka mkono mwepesi, ukimlazimisha anapasuka.

Kifaransa nilikipata kwa binti yangu, jioni tukichambua mboga ya lengalenga. Yeye ananitajia, mimi ninarudia. Herufi nilizijua lakini zilinidanganya. Ndege mdogo vile, oiseau, wamemwandikia herufi zote zile, na karibu zote ni za bure. Katika umri wangu huu nilikuwa nafagia ua huku nanong'ona "parapluie, parapluie", ndio mwavuli huo, kama mtu anayesali rozari. Sikuona haya. Nilijisikia nina maana tena, niseme kweli.

Kulikuwa na kadi sita nilizozikataa. Mnyama mweupe wa barafuni, sijui nini cha kuteleza, na tunda moja jekundu lenye vidoa, fraise, ambalo sijawahi kulishika wala kulila. Nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka chini ya kigoda. Mtoto akaziona.

"Na hizi, Nkambo?"

"Hizo hatuuze."

"Juu ya nini?"

"Kitu haukijue, hauuzie muntu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na ndivyo nilivyouza miaka yote. Mkwe wangu alizihesabu kadi zake akakuta sita hazipo, akamtuma mkewe kuniuliza. Nikasema mwambie hizo hatuuzi. Binti yangu hakuthubutu kulipeleka neno hilo, akamwambia zimepotea. Hapo nilikosea, ningesema wazi. Lakini ningeanzia wapi? Wao walikuwa hawajui habari za soko.

Maana jioni mambo yalikuwa yamebadilika. Mtoto akiwekwa kwenye kile kiti cha plastiki anataja zote, pa, pa, pa, kama mtu anayepanga bidhaa soko limefungwa. Baba yake akafurahi mno. Akamwambia mkewe kuwa njia yake imefanya kazi, kinachotakiwa ni uvumilivu tu. Niliyasikia haya nikiwa jikoni. Nikajiziba mdomo kwa kona ya kitenge, nikamwachia furaha yake.

Siku ya mtihani mtoto alikataa kutoka bila mimi. Kwa hiyo nilikwenda, nimevaa vazi langu la misa, yeye ana sweta nyekundu na nywele zimesukwa upya. Baba yake alitangulia na pikipiki, sisi wanawake tukachukua teksi. Shuleni mimi na binti yangu tulikaa kwenye benchi la barazani, nikageukia bustani. Mkwe wangu alisimama upande wa pili wa mlango, mgongo ukutani. Mlango haukufungwa. Nikasikia kila kitu, na kwa jicho la pembeni nikaona.

Directrice alikuwa mama mnene wa miwani, sauti ya taratibu. Meza yake ilikuwa imefunikwa kitenge, kitenge kizuri cha maua, na juu yake kadi zimepangwa kwa mafungu. Moyo wangu ukaruka. Nikasema moyoni, Ee Bwana wangu, asidhani ni soko.

Akadhani.

"Bonjour mama," nikamsikia anasema. "Leo uko na nini?"

Directrice akacheka kidogo, akainua kadi ya kwanza. "C'est quoi?"

"Poisson," akajibu mjukuu wangu, vizuri kabisa. Nikashusha pumzi. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile kadi. "Inatoka wapi?"

"Pardon?"

"Samaki. Inatoka wapi? Haikulala?" Akambonyeza tumbo kwa kidole gumba, akamnusa.

Nilitaka benchi linimeze. Directrice akaichukua kadi yake taratibu, akainua nyingine. Ilikuwa mwavuli. Mtoto akautaja, akasema vijiti havionekani vyote, vingine vimevunjika au namna gani? Ya tatu kiatu. Akauliza cha pili kiko wapi, maana hakuna mtu anayenunua kiatu kimoja.

"Mutoto," directrice akasema, wala si kwa ukali, "hapa miye njo nauliza. Weye unajibu."

Mtoto akanyamaza. Kadi ya nne, kimya. Ya tano, kimya. Nilijua kilichompata: muuzaji amemkatalia maswali, kwa nini abaki sokoni? Lakini mkwe wangu hakujua. Nilimwona anainamisha kichwa pale mlangoni, taratibu, kidevu mpaka kifuani, mtu mzima na ndevu zake. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma vile.

Kadi ya sita ikainuliwa. Ilikuwa fraise. Lile tunda jekundu la vidoa.

"Hii hatuuze," mtoto akasema kwa sauti kubwa.

"Juu ya nini?"

"Nkambo haiijue. Kitu haukijue, hauuzie muntu."

Directrice akaiweka kadi chini. Alivua miwani, akaivaa tena, akaandika kwenye daftari lake muda mrefu. Kisha akatuambia orodha itabandikwa Ijumaa.

Ilikuwa Jumanne. Nyumbani binti yangu alifunga mlango wa jikoni, akanigeukia, macho mekundu.

"Mama, nilikuachia mutoto, umemugeuza muuza samaki!"

"Na weye nani alikusomesha?" Nilipiga mfuniko wa sufuria chini. "Njo samaki! Ile nguo nyeupe unavaa ku hopitali, iko samaki! Viatu yako ya kwanza ya shule, samaki! Sasa samaki inanuka?"

Akalia. Mimi nikaenda kulia chooni, ambako hakuna wa kuniona. Kwa sababu hasira ilipopungua niliona kitu kilichobaki chini yake, nacho ni aibu. Mkwe wangu alikuwa amepewa mlango ule mara ya pili maishani mwake, na mimi nimeufunga kwa samaki. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alipita sebuleni na mimi nikageukia ukuta, siku ya kwanza, ya pili, na hakutuma neno lolote kwangu, hata la maji. Jioni kiti cha plastiki kilibaki kitupu. Alhamisi nikapanga begi langu. Hakuna aliyenifukuza. Nilijiambia orodha ikitoka bila jina, nipande lori la kurudi Kasenga kabla hajalazimika kumtuma mkewe aniambie.

Ijumaa asubuhi mkwe wangu aliondoka na pikipiki mapema. Binti yangu alikuwa kazini. Mtoto akaja uani na pakiti ya kadi kifuani.

"Nkambo, soko iko?"

"Leo hakuna soko."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la hatari. "Sasa bantu batakula nini?"

Nikatandika kitenge. Nikapanga mafungu. Tukauziana kuku, tukauziana sufuria, na masikio yangu yako barabarani. Nilipoisikia pikipiki inazimwa nje ya lango nilimwacha mjukuu wangu na kadi ya ufunguo mkononi, nikageukia ukuta kama desturi. Nikangoja nisikie hatua zake zinaingia nyumbani.

Hazikuingia. Zilikuja uani.

"Papa, karibu!" mtoto akapiga kelele. "Leo kuko samaki!"

Nikasikia magoti yake yanashuka kwenye vumbi, kando ya kitenge. Nikasikia anapiga makofi mawili ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama mtu anavyowasalimu wakwe zake. Nilipochungulia kidogo nikaona na yeye amegeuza uso pembeni, anatazama gunia la makala, makaa yetu ya kupikia. Tulikuwa pale, mimi na ukuta, yeye na makala, kitenge katikati.

"Ba Mama," akasema. "Samaki iko?"

Miaka sita ni mkwe wangu. Sauti yake ilikuwa haijawahi kunielekea mimi. Nilibaki nakwangua ukuta kwa ukucha. Mtoto akanisukuma goti.

"Nkambo! Jibu! Iko muntu ya kununua!"

"Iko," nikauambia ukuta.

"Inatoka wapi?"

"Kasenga."

"Haikulala?"

"Bonyeza mwenyewe."

Akaibonyeza kadi kwa kidole gumba. Alikaa nayo, hakuiachia.

"Iko muzima," akasema. "Naitaka juu ya mutoto yangu. Mwezi wa kenda anaanza masomo kwa masista. Jina yake iko ku orodha. Ya mwisho kabisa, chini."

Wa mwisho kwenye orodha yuko ndani ya orodha! Nilitaka kupiga vigelegele Katuba nzima inisikie, lakini aliendelea kusema.

"Directrice aliniita ndani. Aliniuliza nani anamufundisha mutoto ku nyumba. Pale pale mbele ya ile meza. Wakati nilikuwa mutoto baliniuliza pale, nikanyamaza. Leo nilijibu, Mama. Nilimwambia: iko mama mukwe yangu, muuza samaki ya Kasenga."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa mtu aliyegeukia ukuta ana faida hiyo. Nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna kuliko siku binti yangu alipovaa ile nguo nyeupe, kuliko siku zote nilizomaliza kapu kabla ya saa sita. Nilijivunia mtoto, nilijivunia mkwe aliyefungua mdomo wake, na nilijivunia mimi mwenyewe, kwa nini nifiche?

Nikachukua kipande cha gazeti, nikaifunga ile kadi ya samaki kama ninavyomfungia kila mnunuzi, pembe nne ndani, nikaisukuma juu ya kitenge mpaka upande wake. Kisha nikaingiza mkono chini ya kigoda, nikafungua kitambaa, nikatoa fraise.

"Na hii?" akauliza.

"Hii siijue. Siku utaiona mu mji, utatuletea, tuibonyeze."

Akapiga makofi tena, mawili, ya kushukuru. Mtoto alikuwa ametukodolea macho, mara mimi, mara baba yake, hajaelewa kwa nini soko la leo lina watu wazima wanaolia. Lakini biashara anaijua.

"Nkambo, umuongezee," akasema, "iko papa yangu!"

Nikamwongezea ufunguo. Mnunuzi anayekuja mara ya kwanza huongezewa, ndivyo tunavyouza kwetu.